Zima, Washa: Historia Fupi ya Mashine na Kumbukumbu Zake

Leo naomba tuziweke siasa kando kidogo. Najua wengi mnaopita hapa kijiweni mnategemea mbunge fulani na vituko vyake, lakini habari hizo zitasubiri. Leo nataka tuzungumzie dawa ambayo kila Mtanzania mwenye simu, kompyuta au king'amuzi anaijua bila kwenda shule: zima, halafu washa. Intaneti imegoma? Zima, washa. Picha imeganda kwenye televisheni wakati mpira unaendelea? Zima, washa. Na mara nyingi kweli inapona.

Swali langu ni hili: inapona kwa sababu gani? Na je, kuna siku haiponi? Nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili kwa muda sasa na nimegundua kwamba ndani ya zile sekunde chache kati ya "zima" na "washa" kuna hadithi ya zaidi ya miaka 70. Hadithi hiyo inaanzia Marekani, inakwenda Mwezini, na inafikia kilele chake kwenye sayari ya Mirihi. Vuta kiti.

Tuanze na fumbo lenyewe. Mashine iliyozimwa haijui kitu chochote. Unapoiwasha, inahitaji maagizo ya kuanza kazi. Maagizo yamehifadhiwa kwenye kumbukumbu. Lakini ili iisome kumbukumbu hiyo, lazima iwe na maagizo ya namna ya kuisoma! Ni yale yale ya kuku na yai. Wamarekani wana msemo wa zamani wa kumkejeli mtu anayejaribu lisilowezekana, kwamba anataka kujinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Wahandisi wa kompyuta waliupenda msemo huo wakaufanya jina la kazi. Ndiyo maana mafundi wetu wa Kariakoo wanasema kompyuta "inabuti". Na ile programu ndogo kabisa inayotangulia kuamka ili iwaamshe wengine inaitwa butiloda. Mimi naifananisha na muadhini: yeye huamka kabla ya msikiti mzima.

Wale wa kwanza kabisa walilitatua fumbo kwa ujanja wa kimaskini. Chukua mashine ya IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952. Ilikuwa na kitufe cha kupakia. Ukikibonyeza, mashine ilisoma neno moja tu la biti 36 kutoka kwenye kadi, utepe au ngoma ya sumaku, na ndani ya neno hilo kulikuwa na maagizo ya kutosha kusoma yanayofuata. Hao nao waliwaita wengine, na hao wengine wakawaita wengine. Ni kama mgeni anayeingia kijijini akijua jina la mtu mmoja tu. Huyo mmoja anampeleka kwa wa pili, na jioni anakuwa ameshajulikana kwa wote.

Sasa ruka hadi Machi 1975. Kampuni ndogo iitwayo MITS, yenye makao yake Albuquerque, jimbo la New Mexico, ilikuwa inauza kompyuta ya kujiundia mwenyewe, Altair 8800. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na vitufe vya kupandisha na kushusha, na kumbukumbu ya baiti 256 tu kwa yule aliyenunua ya kawaida. Baiti 256! Aya hii unayoisoma haitoshei humo. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, walikuwa wameahidi kuiletea lugha ya BASIC. Allen akapanda ndege kwenda kuionyesha. Ndege ikiwa inakaribia kutua ndipo akakumbuka kwamba walikuwa hawajaandika butiloda, ile programu ndogo ya kuiambia mashine jinsi ya kusoma utepe wa karatasi waliobeba. Akaiandika pale pale kwenye kiti, kwa mkono.

Alipofika kwenye mashine aliingiza tarakimu hizo moja baada ya nyingine kwa vile vitufe. Utepe ukasomwa. Na neno la kwanza ambalo ile BASIC ilimwambia binadamu halikuwa salamu. Lilikuwa swali: ukubwa wa kumbukumbu? Allen akaandika jibu. Kisha akaiomba ijumlishe 2 na 2, ikajibu 4. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Microsoft ikawa imepata mteja wake wa kwanza.

Nawaomba mlishike lile swali. Mashine haikujua ina kumbukumbu kiasi gani mpaka mtu aiambie. Ukiiambia kidogo, unapoteza nafasi. Ukiiambia nyingi kuliko iliyopo, itaandika mahali pasipokuwepo na kila kitu kitavurugika. Historia nzima ya butiloda ni historia ya nani anajibu swali hilo, na anajibu vipi.

Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani, IBM PC, jibu bado lilitolewa kwa mkono. Ukiifungua, kwenye ubao mkuu ulikuta vijiswichi vidogo vya kupanga kiasi cha kumbukumbu kilichowekwa. Ukiongeza kumbukumbu ukasahau kugeuza kijiswichi, ulikuwa umepoteza hela yako bure. Na kuna uamuzi mwingine uliofanywa wakati ule ambao unanichekesha hadi leo. Programu ya kudumu ya mashine hiyo, iliyoitwa BIOS, ilichukua baiti 512 za mwanzo wa diski na kuziweka kwenye anwani namba 31,744 ya kumbukumbu, kisha ikazikabidhi madaraka. Kwa nini 31,744? Kwa sababu wahandisi walikadiria mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, yaani baiti 32,768. Ukitoa kilobaiti moja ya mwisho, 1,024, unapata namba hiyo. Walitaka kukaa pembeni kabisa, mwisho wa shamba, ili wasimsumbue atakayekuja kulima.

Shamba likapanuka, lakini ile nguzo haikuhamishwa. Miaka 25 baadaye, kompyuta zenye kumbukumbu maelfu ya mara zaidi ya ile bado zilianza maisha yao kila asubuhi kwenye anwani ile ile ya 31,744, mpaka mfumo mpya wa UEFI ulipoanza kuchukua nafasi ya BIOS. Makisio ya mchana mmoja ya watu wachache yakageuka kuwa sheria ya dunia. Sisi tuliozoea mipaka iliyochorwa Berlin mwaka 1884 na 1885 hatushangai sana, au siyo?

Haya, hizo ni kompyuta za mezani. Lakini kompyuta nyingi duniani hazikai mezani. Zimefichwa ndani ya vitu vingine: ruta, king'amuzi, mashine ya kupimia wagonjwa, gari, ndege. Huko ndiko mambo yanakuwa magumu zaidi, na nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Kumbukumbu ziko za aina mbili kuu. Kuna ya RAM, ambayo ni kama ubao wa darasani: unaandika haraka, unafuta haraka, na umeme ukikatika ubao unafutika wote. Kuna ya flashi, ambayo ni kama daftari: inaandikwa polepole lakini inatunza maandishi hata umeme ukikatika. Mashine huamka ikisoma daftari na kufanyia kazi kwenye ubao.

Kasheshe ni kwamba ubao wenyewe hauko tayari unapowasha. RAM ya kawaida huhifadhi kila biti kama chaji ndogo sana ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Kwa hiyo kila sehemu lazima ihuishwe upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, bila kukosa, la sivyo inasahau. Butiloda ndiyo inayotakiwa kupanga mambo hayo yote: kumbukumbu ina safu mlalo ngapi, safu wima ngapi, isubiriwe muda gani kabla ya kusomwa, ihuishwe mara ngapi. Kwenye kompyuta ya mezani, kila kipande cha RAM unachochomeka kina kichipu kidogo kinachojieleza. Lakini ndani ya ruta RAM mara nyingi imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao na hakuna wa kuulizwa. Lazima mhandisi asome karatasi ya kiwanda na kuandika namba hizo mwenyewe. Akikosea sana, kifaa hakiwaki kabisa, na hiyo ni afadhali. Akikosea kidogo, kifaa kinawaka vizuri kiwandani, kisha kinaanza kuganda kikipata joto sebuleni kwa mteja.

Na kumbuka, programu inayoitayarisha RAM haiwezi kuitumia RAM hiyo hiyo. Inabidi ijibane kwenye kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana butiloda nyingi zina hatua mbili: ya kwanza ndogo ya kuandaa ubao, ya pili kubwa ya kuuandikia.

Kwa muda mrefu kila kampuni ilijiandikia butiloda yake na kuificha. Kisha mhandisi mmoja wa Ujerumani, Wolfgang Denk, akaendeleza butiloda ya wazi, ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma na kuirekebisha bure. Kwanza iliitwa PPCBoot kwa kuwa ililenga prosesa za aina ya PowerPC. Mwaka 2002, ilipoanza kuhudumia aina nyingine, ikabadilishwa jina kuwa U-Boot. Leo iko ndani ya vifaa vingi sana, zikiwemo ruta na hata visoma-vitabu vya Kindle. Ukiunganisha waya wa fundi, inakuhesabia sekunde chache kabla ya kuendelea. Ukibonyeza kitufe inasimama na kukuonyesha mipangilio yake: moyo wa mfumo upakiwe anwani ipi, uambiwe kuna kumbukumbu kiasi gani, usome kutoka wapi. Ukiweka vitu viwili kwenye anwani zinazogongana, kimoja kinakanyaga kingine na mashine inakufa ikiwa nusu usingizini.

Sasa tufike Mirihi, maana ndiko nilikokuwa nawapeleka tangu mwanzo.

Januari 2004 shirika la NASA lilikuwa na furaha. Gari-roboti lake liitwalo Spirit lilikuwa limetua salama ndani ya kreta ya Gusev, na pacha wake Opportunity alikuwa njiani. Mradi wote uligharimu zaidi ya dola milioni 800. Spirit ilikuwa na kompyuta ambayo kijana wa leo angeicheka: prosesa ya megahezi 20, RAM ya megabaiti 128 na flashi ya megabaiti 256. Lakini iliundwa kuhimili mionzi ya anga, na hilo simu yako haliwezi.

Tarehe 21 Januari, siku ya 18 ya Spirit kule Mirihi, gari likanyamaza. Mwanzoni walidhani ni hali ya hewa, maana kulikuwa na dhoruba ya radi kwenye kituo cha mawasiliano cha Canberra, Australia. Haikuwa hivyo. Zilipokuja, habari zilikuwa vipande vipande: mlio tu wa kukiri kwamba ujumbe umesikika, halafu kimya, halafu data zisizo na maana. Walipopata taarifa za kueleweka siku mbili baadaye, wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, waliona jambo la kutisha. Spirit ilikuwa inajizima na kujiwasha. Ilikuwa imefanya hivyo zaidi ya mara 60. Na ilikuwa hailali usiku, kwa hiyo betri zilikuwa zinakwisha.

Yaani gari lilikuwa linajitibu kwa dawa yetu ile ile: zima, washa. Na halikupona.

Sababu ilikuja kueleweka vizuri baadaye. Flashi ya Spirit ilipangwa kwa mfumo wa mafaili unaofanana na ule wa DOS wa zamani. Kila gari lilipoamka, lilinakili orodha ya mafaili yote kutoka kwenye daftari kwenda ubaoni, yaani kutoka flashi kwenda RAM. Sasa, safari ya kutoka Duniani ilichukua miezi 7, na mafaili mengi yalikuwa yamejikusanya njiani. Baya zaidi, hata ukifuta faili, nafasi yake kwenye orodha haikupungua. Orodha ilikuwa inanenepa tu. Wahandisi walikuwa wameshapeleka programu ya kufuta mafaili ya zamani, lakini sehemu yake moja haikufika, na walipanga kuituma tena siku ya 19. Gari likaanguka siku ya 18.

Na hapa ndipo mipangilio ya kumbukumbu inapoingia. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipengele viwili vya mfumo wa uendeshaji vilipangwa vibaya. Kimoja kiliuruhusu mfumo wa mafaili kuendelea kuchota RAM ya wote kadiri unavyotaka, badala ya kubaki na fungu lake. Cha pili kiliamua kwamba kazi yoyote inayoomba kumbukumbu ikakosa isimamishwe palepale, badala ya kuarifiwa tu kwamba imekosa. Basi orodha ikamaliza RAM, kazi muhimu ikasimamishwa, gari likajiona limepooza, likajizima na kujiwasha. Likaamka. Kitu cha kwanza likafanya nini? Likafungua daftari lile lile, likanakili orodha ile ile, likamaliza RAM ile ile.

Linganisha na tarehe 20 Julai 1969. Chombo cha Apollo 11 kikiwa kinashuka Mwezini, kompyuta yake ilipiga kengele namba 1202 mara kadhaa. Kengele hiyo ilimaanisha kwamba nafasi za kumbukumbu za kuendeshea kazi zimejaa, kwa kuwa rada moja ilikuwa inaiibia kompyuta muda wake. Ile nayo ilijiwasha upya. Lakini wabunifu wake waliipanga iamke tofauti: iendelee na kazi muhimu, kama kuongoza injini, na iziache zile za ziada. Kompyuta yenye maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika iliamka ikiwa imetua mizigo, na binadamu wakatua Mwezini. Miaka 35 baadaye, kompyuta yenye uwezo mkubwa zaidi mara nyingi ilikuwa inaamka na mzigo wake wote kichwani.

Kilichoiokoa Spirit ni kwamba kuna mtu, miaka kabla, alifikiria siku mbaya. Ilikuwepo amri ya kuliambia gari liamke kama kilema: usiguse flashi kabisa, tumia RAM badala yake. Kwa maneno mengine, amka, lakini usikumbuke. Amri ikarushwa, ikasafiri kwa takribani dakika 10 kwa mwendo wa mwanga, ikafika. Gari likaamka likiwa limetulia. Halikukumbuka kitu, kila lililoandika lilifutika likilala, lakini lilikuwa linasikia na kujibu. Kutoka hapo wahandisi walichungulia daftari taratibu, wakafuta mafaili, na mapema Februari wakaipanga flashi upya kutoka mwanzo.

Gari lililotarajiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi lilizungumza na Dunia mpaka Machi 2010. Zaidi ya miaka 6!

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi na kila mara narudi kwenye jambo moja. Kuwasha upya si kuanza upya. Dawa ya zima-washa inafanya kazi pale tu ugonjwa unapokuwa kwenye ubao, maana ubao unafutika. Ugonjwa ukiwa kwenye daftari, utaamka nao kila asubuhi, mara 60, mara 600, mpaka betri iishe. Sisi tunaoandika magazetini tunaona mengi yanayozimwa na kuwashwa: tume zinavunjwa na kuundwa, bodi zinabadilishwa, mashirika yanapewa majina mapya. Halafu tunashangaa kwa nini yanaganda palepale. Hatuulizi yanapoamka yanafungua daftari gani.

Jambo la pili ni la watu. Allen tunamjua kwa utajiri wake. Lakini yule aliyekaa akaandika amri ya kuamka kama kilema, amri ambayo kama kila kitu kingekwenda vizuri isingetumika hata siku moja, jina lake halimo kwenye habari nilizosoma. Kazi yake haikuwa na picha za kupendeza. Alikaa akajiuliza: siku hiki kitu kikishindwa kukumbuka vizuri, nani atakiamsha, na kwa kupitia mlango gani? Kisha akauacha mlango wazi.

Kwa hiyo wewe unayesoma uhandisi pale Mlimani, Jomo Kenyatta au Makerere, siku ukipewa kazi ya kuandika zile namba za butiloda ambazo hakuna atakayeziona, usikasirike ukadhani umepewa kazi ya msaidizi. Fanya hesabu ya kumbukumbu mara mbili. Weka mipaka. Na acha mlango.

Haya, nimeandika sana leo. Tuonane wiki ijayo kwenye siasa zenu.